Phan Bội Châu: Mkimbizi wa Vietnam aliyeandika historia ya nchi iliyopotea

Wakimbizi wa Vietnam wanapotajwa, wengi wetu hukumbuka picha za mashua zilizofurika watu, zikiikimbia nchi hiyo baada ya vita kumalizika mwaka 1975. Lakini miaka 70 kabla ya mashua hizo, Mvietnam mwingine aliondoka nchini kwake kwa siri na kuvuka bahari. Aliacha nyuma mke na watoto, na hakujua kama angewaona tena. Alikwenda kutafuta silaha za kuwafukuza wakoloni wa Kifaransa. Silaha hakuzipata kama alivyotaka, lakini kitabu alichoandika akiwa ukimbizini kilisomwa hata katika nchi ambayo hakuwa na mpango nayo.

Mtu huyo ni Phan Bội Châu. Katika makala hii tunafuatilia maisha yake: alikotoka, kwa nini alikimbia, alivyogeuka kuwa mwandishi, na gharama aliyolipa yeye na jamaa zake.

Mtoto wa mwalimu wa kijijini

Phan Bội Châu alizaliwa Desemba 26, 1867 katika mkoa wa Nghệ An, katikati ya Vietnam. Mkoa huo ni wa watu maskini, wenye ardhi ngumu na tufani za mara kwa mara, lakini unasifika kwa wasomi na waasi. Mwaka huohuo aliozaliwa, Ufaransa ilitwaa majimbo matatu ya magharibi katika eneo la kusini mwa nchi, ikiongezea mengine matatu iliyokwisha kuyachukua mwaka 1862. Kwa hiyo alizaliwa wakati nchi inamegwa kipande kwa kipande.

Baba yake alikuwa mwalimu wa kijijini, msomi asiye na mali. Alimfundisha mwanawe maandishi ya Kichina cha kale, ambayo ndiyo yaliyokuwa maandishi ya wasomi na ya serikali Vietnam, kama Kilatini kilivyokuwa Ulaya zamani. Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Michezo yake na watoto wenzake ilikuwa ya vita, na adui katika michezo hiyo siku zote alikuwa Mfaransa.

Mwaka 1883 majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakiiteka sehemu ya kaskazini. Phan, kijana ambaye hajatimiza miaka 16, aliandika tangazo la kuwataka watu wainuke na kupigana, akalibandika usiku kando ya barabara kuu. Hakuna aliyeinuka. Miaka miwili baadaye mji mkuu, Huế, ulianguka, na mfalme kijana Hàm Nghi akakimbilia milimani akitoa mwito wa upinzani. Phan alikusanya wanafunzi wenzake wapatao 60 na kuunda kikosi. Kabla hakijapata silaha za maana, Wafaransa walifika na kikosi kikatawanyika.

Kutokana na mambo hayo mawili alijifunza somo ambalo baadaye alilieleza katika kumbukumbu za maisha yake: mtu asiye na jina hasikilizwi. Katika Vietnam ya wakati huo, njia ya kupata jina ilikuwa moja, nayo ni mitihani ya serikali.

Mitihani na subira

Mitihani hiyo ilifanyika kila baada ya miaka mitatu. Phan alishindwa mara kadhaa. Mwaka 1897 mambo yaliharibika zaidi, maana alikutwa na maandishi yaliyokatazwa katika ukumbi wa mtihani na akafungiwa maisha. Alihamia Huế, akafundisha, akaandika, na maandishi yake yakawavutia wasomi wa pale mjini kiasi kwamba walimwombea msamaha. Adhabu iliondolewa, na mwaka 1900 akafanya mtihani wa mkoa na kushika nafasi ya kwanza.

Kwa kawaida mtu wa namna hiyo angeomba cheo serikalini na kuishi kwa raha. Lakini mwaka huohuo wa 1900 baba yake alifariki dunia. Mama yake alikuwa ametangulia mwaka 1884. Phan alikuwa mtoto wa kiume pekee, na kwa mila za kwao hakuweza kumwacha baba mgonjwa ili akaingie katika mambo yanayoweza kumletea kifo. Kwa miaka mingi alikuwa amejizuia. Baba alipozikwa, kizuizi kiliondoka.

Alianza kuzunguka nchini akitafuta watu wa nia moja naye. Mwaka 1904, katika mkoa wa Quảng Nam, yeye na wenzake waliunda chama cha siri kilichoitwa Duy Tân Hội, yaani Chama cha Mageuzi. Walimweka mbele Cường Để, mwana wa ukoo wa kifalme, ili watu waliozoea kumtii mfalme wapate mtu wa kumfuata. Lengo lilikuwa kuwaondoa Wafaransa. Swali lilikuwa moja: silaha zitatoka wapi?

Safari ya Japani

Jibu lilionekana upande wa mashariki. Tangu mwaka 1904 Japani ilikuwa vitani na Urusi, na ilikuwa ikishinda. Kwa watu wa Asia waliokuwa chini ya wakoloni, taifa la Asia kulishinda taifa kubwa la Ulaya lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Chama kiliamua kumtuma mtu Japani kuomba msaada, na aliyechaguliwa ni Phan.

Aliondoka mwanzoni mwa mwaka 1905 kupitia Hải Phòng na Hong Kong hadi Yokohama. Hakujua Kijapani, wala hakuwa na barua ya kumtambulisha kwa yeyote. Alichokuwa nacho ni maandishi ya Kichina, ambayo wasomi wa China, Japani, Korea na Vietnam wote waliyafahamu. Kila alipokutana na mtu, walikaa mezani na kuzungumza kwa brashi na wino. Mmoja aliandika, mwingine alisoma na kuandika jibu. Karatasi zilijaa, na kikao kikaendelea kwa saa kadhaa bila mtu kufungua kinywa.

Mtu wa kwanza muhimu aliyemtafuta ni Liang Qichao, mwanamageuzi wa China ambaye naye alikuwa mkimbizi Japani. Liang alimkutanisha na wanasiasa wakubwa wa Kijapani, Ōkuma Shigenobu na Inukai Tsuyoshi. Phan aliwaomba jeshi na silaha. Walimpokea vizuri, lakini walimweleza kwamba Japani kuisaidia Vietnam kwa silaha ni sawa na kuingia vitani na Ufaransa, na hilo lisingewezekana. Walimshauri alete vijana wa Vietnam wasome.

Liang alimpa ushauri mwingine, na huu ndio uliobadilisha maisha yake. Alimweleza kwamba dunia haijui lolote kuhusu yanayotendeka Vietnam, na kwamba yeye anayejua ndiye anayepaswa kuyaandika.

Kitabu kilichovuka mipaka

Phan aliketi akaandika. Mwaka huohuo wa 1905 Liang alikichapisha kitabu chake, *Việt Nam vong quốc sử*, maana yake Historia ya Kupotea kwa Vietnam. Ni kitabu kifupi. Kinaeleza jinsi nchi ilivyoangukia mikononi mwa Wafaransa, na mwandishi hawaachi salama wafalme na maofisa wa nchi yake mwenyewe, kwa sababu aliona uzembe wao ulifungua mlango. Kinaeleza maisha ya watu waliopigana wakafa. Kisha kinaingia katika mambo ya kila siku ya mwananchi: kodi ya kichwa, kodi ya chumvi, na kodi nyingine zilizomkaba mkulima asiye na kitu. Mwishoni kinageukia matumaini ya siku za mbele.

Tukikitazama leo, tunaona kwa nini kilikuwa na nguvu. Kabla yake, habari za Vietnam zilizofika nje ziliandikwa zaidi na Wafaransa wenyewe, na ndani yake ukoloni ulikuwa barabara, reli na shule. Hapa alizungumza mtu aliyekuwa upande wa pili wa barabara hizo.

Phan alirudi nyumbani kwa siri mwaka huohuo akiwa na nakala za kitabu. Kilisambazwa kwa kificho na kunakiliwa kwa mkono. China kilisomwa sana. Korea kilitafsiriwa mwaka 1906, wakati nchi hiyo nayo ilikuwa ikimezwa na Japani. Wakorea walisoma habari za Vietnam na kuona kinachowanyemelea wao, na kitabu kikawa maarufu hadi kilipopigwa marufuku mwaka 1909. Ni jambo la kutafakari: Phan aliandika kitabu hicho akiwa Japani, akiitegemea Japani kuwa mkombozi, na nchini Korea kilisomwa na watu walioiogopa Japani hiyohiyo.

Baada ya hapo aliendelea kuandika bila kupumzika. Aliandika mwito kwa wazazi na matajiri wachangie masomo ya vijana. Aliandika waraka mrefu wa kishairi kwa Wavietnam wenzake akiwa ng'ambo, ambao ulitafsiriwa kutoka Kichina hadi Kivietnam ili watu wasiojua maandishi ya wasomi waweze kuusikia ukisomwa. Katika shule huru ya Đông Kinh Nghĩa Thục, iliyofunguliwa Hanoi mwaka 1907 na kufungwa na wakoloni muda mfupi baadaye, maandishi ya namna hiyo yalipita kutoka mkono hadi mkono.

Wanafunzi nao walianza kufika. Harakati hiyo iliitwa Đông Du, Safari ya Mashariki. Kufikia mwaka 1908 kulikuwa na vijana wapatao 200 wa Kivietnam nchini Japani, wengi wakiwa wametoka kusini, ambako familia zenye mashamba ziliweza kutoa fedha. Wengine waliingia shule ya kijeshi, wengine walisoma lugha na masomo ya kawaida katika shule moja ya Tokyo.

Marafiki wasiokubaliana

Si kila mzalendo wa Vietnam aliyekubaliana na njia hii. Mwaka 1906 alifika Japani mwanazuoni mwingine mkubwa, Phan Châu Trinh. Majina yao yanafanana lakini hawakuwa ndugu. Wawili hao walizunguka pamoja, wakatembelea shule, na wakabishana kwa siku nyingi.

Phan Châu Trinh aliona kwamba kuitegemea Japani ni kubadilisha bwana tu, kwamba ufalme umepitwa na wakati, na kwamba umwagaji damu utawaangamiza watu wa kawaida. Alitaka elimu, biashara na haki za raia zije kwanza, na Ufaransa ishinikizwe kutekeleza misingi inayojidai kuifuata. Phan Bội Châu aliona kwamba mtu aliyeshikwa koo hana nafasi ya kusubiri elimu. Waliachana wakiheshimiana, na kila mmoja akafuata njia yake. Hoja hiyo haikwisha na wao. Iliendelea kuwagawa Wavietnam kwa miongo mingi.

Kuhusu Japani, matukio yalimpa haki Phan Châu Trinh mapema mno. Mwezi Juni mwaka 1907 Ufaransa na Japani zilitia saini mkataba wa kutambuana maslahi yao barani Asia, na Japani ikafunguliwa mlango wa mikopo Paris. Ufaransa ilitaka wanafunzi wa Vietnam waondolewe. Nyumbani, wazazi wao walisakwa na kulazimishwa kuandika barua za kuwaita watoto warudi. Mwaka 1908 wanafunzi walitawanywa, na Machi mwaka 1909 Phan mwenyewe akaamriwa kuondoka. Kabla ya kuondoka alimwandikia waziri wa mambo ya nje, Komura Jutarō, barua kali ya kulalamikia taifa la Asia kuungana na wakoloni dhidi ya Waasia wenzake.

Katika kipindi hicho kigumu alisaidiwa na mtu ambaye hakuwa na cheo chochote. Daktari mmoja wa Kijapani, Asaba Sakitarō, aliwahi kumsaidia mwanafunzi wa Kivietnam aliyekuwa hana pa kushika. Phan alipomwandikia akiomba msaada, daktari alituma yen 1,700, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na hakudai chochote.

Phan hakusahau. Mwaka 1918 alirudi Japani kumshukuru, akakuta daktari amekwisha kufariki. Aliamua kumjengea mnara wa kumbukumbu kijijini kwao, Shizuoka, lakini fedha zake hazikutosha. Wanakijiji walipoisikia habari hiyo walijitolea nguvu zao na kuumalizia. Mnara huo upo mpaka leo.

Mabomu na gereza

Kutoka Japani, Phan alianza maisha ya kuhama bila kutulia: Hong Kong, kusini mwa China, kisha Siam, ambayo leo ni Thailand. Bunduki alizofanikiwa kununua kwa ajili ya wapiganaji wa nyumbani zilikosa njia ya kusafirishwa. Huko Siam yeye na wenzake walilima shamba ili wapate chakula.

Mapinduzi ya China ya mwaka 1911, yaliyouangusha ufalme, yalimrudisha Guangzhou. Alibadilisha mawazo kuhusu ufalme, na mwaka 1912 akaunda chama kipya, Việt Nam Quang Phục Hội, kilichotaka Vietnam iwe jamhuri. Chama hakikuwa na fedha wala jeshi. Ili watu wajue kipo, kilituma watu na mabomu. Mwaka 1913 gavana mmoja wa Kivietnam aliyewatumikia Wafaransa aliuawa, na maofisa wawili wa jeshi la Ufaransa waliuawa katika hoteli moja mjini Hanoi. Wakoloni walijibu kwa kukamata na kunyonga. Phan alihukumiwa kifo bila yeye kuwepo mahakamani.

Hatuwezi kuiruka sehemu hii ya maisha yake. Mabomu hayo hayakuleta uhuru, na waliolipa zaidi ni watu waliobaki nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1914 gavana wa kijeshi wa Guangdong, Long Jiguang, alimtia gerezani, na Wafaransa wakaomba wakabidhiwe. Phan aliamini kwamba siku zake zimekwisha. Katika siku chache za mwanzo za kifungo aliandika kwa haraka kitabu cha maisha yake, *Ngục trung thư*, Maandishi ya Gerezani. Ni maandishi ya mtu anayetoa hesabu kabla ya kufa. Anataja alichojaribu, alichoshindwa, na marafiki waliokufa kwa ajili ya mipango aliyoibuni yeye.

Hata hivyo hakukabidhiwa. Long alimshikilia kwa matumaini ya kupata faida kutoka kwa Wafaransa, kisha yeye mwenyewe akaondolewa madarakani. Phan alitoka gerezani mwaka 1917.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga kimawazo pia. Mwaka 1918 aliandika makala akipendekeza Wafaransa na Wavietnam washirikiane, jambo lililowashangaza wafuasi wake, na baadaye akalijutia. Alisoma habari za mapinduzi ya Urusi. Alijipatia riziki katika jarida la kijeshi mjini Hangzhou, na akaandika riwaya ya kihistoria kuhusu Wavietnam wa karne ya 15 waliopigana na wavamizi kutoka China. Katika riwaya hiyo wakulima, wanawake na watu wadogo wanashika nafasi kubwa kuliko wafalme.

Kukamatwa Shanghai

Mwishoni mwa mwezi Juni mwaka 1925 Phan alipanda treni kutoka Hangzhou kwenda Shanghai. Aliposhuka, alizingirwa na wazungu, akasukumwa ndani ya gari na kupelekwa katika eneo la mji lililokuwa chini ya Ufaransa. Kutoka hapo alipakiwa katika meli hadi Hải Phòng, kisha gereza la Hỏa Lò mjini Hanoi. Ni wazi kwamba kuna mtu aliyewaambia Wafaransa anakuja. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni nani.

Wakoloni walidhani wamemaliza tatizo. Badala yake walilifufua. Kizazi kipya cha Wavietnam, chenye magazeti, shule na vyama vya wanafunzi, kilimjua Phan kwa maandishi yake tu. Sasa mwandishi alikuwa hai mbele yao, mzee mwenye ndevu ndefu, akisimama kizimbani. Novemba 23, 1925 alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Maandamano, maombi na simu za maandishi zilimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na kutoka kwa Wavietnam waliokuwa Ufaransa. Gavana mkuu mpya, Alexandre Varenne, mwanasoshalisti aliyekuwa ndiyo kwanza amewasili, alimsamehe mwezi uliofuata, kwa sharti kwamba aishi Huế chini ya ulinzi.

Njiani kuelekea Huế alipitishwa Nghệ An. Hapo alikutana na mkewe, Thái Thị Huyên, kwa muda mfupi tu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 20. Katika miaka yote hiyo mama huyu alilea watoto akiwa mke wa mtu anayesakwa, katika kijiji kilichojaa macho ya polisi. Ni vigumu kumtaja Phan kama shujaa bila kumtaja na yeye. Alifariki mwaka 1936.

Mzee wa Bến Ngự

Huko Huế, Phan aliishi miaka 15 ya mwisho ya maisha yake katika eneo la Bến Ngự, ndani ya nyumba ya paa la nyasi iliyopatikana kwa michango ya watu. Nyakati nyingine alikaa katika mashua ndogo kwenye Mto Hương, ambao wageni huuita Mto wa Manukato. Watu walimwita Mzee wa Bến Ngự. Polisi waliandika jina la kila aliyemtembelea, lakini wanafunzi, wakulima na waendesha mashua waliendelea kwenda.

Hapa alifanya jambo ambalo hakulifanya sana zamani: aliandika kwa lugha ya watu. Vitabu vyake vya ukimbizini vilikuwa vya Kichina cha kale, na Wavietnam wengi walivipata kwa tafsiri au kwa kusomewa. Kufikia miaka ya 1920 Kivietnam kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini kilikuwa kimeenea. Phan alitunga mashairi na makala kwa lugha hiyo, mengine yakichapishwa katika gazeti la *Tiếng Dân*, lililoanzishwa mwaka 1927 mjini humo na rafiki yake Huỳnh Thúc Kháng. Aliandika pia kitabu kikubwa kuhusu mafundisho ya Confucius.

Kazi yake muhimu zaidi ya kipindi hiki ni kumbukumbu za maisha yake, zilizoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa wanahistoria, ni miongoni mwa nyaraka kuu za harakati za Vietnam za mwanzo wa karne ya 20. Kwa msomaji wa kawaida, kinachoshangaza ni ukweli wake. Phan hajisifu. Anajieleza kama mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kushindwa, anataja makosa yake moja baada ya jingine, na anawataja kwa majina wenzake waliokufa, ili wasisahaulike.

Alikuwa na mbwa wawili aliowapenda, Vá na Ky. Walipokufa aliwazika katika bustani yake na kuwawekea mawe ya kaburi yenye maandishi ya kuwasifu kwa uaminifu wao. Baadhi ya watu waliona ni jambo la ajabu. Wengine walielewa kwamba mzee aliyewahi kuuzwa alikuwa akisema jambo kuhusu binadamu.

Mwezi Septemba mwaka 1940 wanajeshi wa Japani waliingia kaskazini mwa Vietnam. Taifa ambalo Phan alilivukia bahari mwaka 1905 kuliomba jeshi sasa lilikuwa limeleta jeshi, lakini kwa faida yake lenyewe, na Wafaransa wakiachwa waendelee kutawala. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 29, 1940, Phan Bội Châu alifariki dunia Huế akiwa na umri wa miaka 72. Alizikwa bustanini kwake.

Alichoacha

Miaka mitano baada ya kifo chake, uhuru wa Vietnam ulitangazwa Hanoi na Hồ Chí Minh, mtoto wa wilaya ileile ya Nam Đàn alikozaliwa Phan, na mwana wa msomi aliyefahamiana naye. Vita vya miaka 30 vilifuata, na vilipokwisha mwaka 1975 ndipo mashua za wakimbizi tulizozitaja mwanzoni zilipoanza kuondoka kwa wingi. Miongoni mwa waliokimbia na watoto wao wametokea waandishi wanaosomwa leo Marekani, Canada, Ufaransa na Australia. Wanaandika kwa lugha za nchi walizohamia, na siasa zao ni tofauti na za Phan. Lakini swali wanalolishughulikia alilishughulikia yeye kabla yao: mtu aliyepoteza nchi anaiandikaje, na anamwandikia nani?

Ukihesabu mipango yake, Phan alishindwa karibu yote. Jeshi la Japani halikuja kama alivyoliomba, wanafunzi walifukuzwa, bunduki hazikufika, na vyama vyake vilisambaratika. Kilichobaki ni karatasi. Alizoandika kwa haraka katika chumba cha kupanga Yokohama, alizoandika gerezani akisubiri kufa, na alizoandika uzeeni polisi wakiwa mlangoni, zote bado zinasomwa.

Leo karibu kila mji mkubwa wa Vietnam una mtaa wenye jina lake. Nyumba ya Bến Ngự imehifadhiwa, na wageni huonyeshwa kaburi lake na, kando, makaburi madogo ya wale mbwa wawili. Na huko Shizuoka, Japani, bado umesimama mnara ambao mkimbizi asiye na fedha aliuanzisha ili kumshukuru mtu mmoja aliyemfungulia mlango.